Mgonjwa anapopishana na mashine ya kupumulia

Mashine ya kumsaidia mgonjwa mahututi kupumua hufaa pale tu inapokwenda sambamba na pumzi zake. Vinginevyo mgonjwa huhangaika, misuli yake huchoka na mapafu yaweza kujeruhiwa.

Katika utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2006, wagonjwa 15 kati ya 62 walipishana na mashine katika zaidi ya asilimia 10 ya pumzi. Hao ndio waliochukua muda mrefu zaidi kuachishwa mashine.

Aina tatu hutajwa mara nyingi. Kwanza, mgonjwa huvuta hewa lakini mashine haitambui. Hali hiyo huwapata hasa wenye mapafu yanayobakiza hewa ndani, au waliopewa dawa nyingi za usingizi. Pili, mashine hutoa pumzi mbili mfululizo kwa jitihada moja, ikayajaza mapafu kupita kiasi. Tatu, mashine hujianzisha yenyewe kutokana na uvujaji au maji yaliyotuama kwenye mirija.

Kengele ya mashine yaweza isilie. Kwa hiyo muuguzi hutazama kifua, tumbo na michoro ya shinikizo na mtiririko wa hewa kwenye skrini. Jitihada za mgonjwa zikizidi pumzi za mashine, tatizo lipo.

Kabla ya kuongeza dawa ya usingizi, yafaa kukagua mirija, makohozi na maumivu, kisha kurekebisha mipangilio, ili mashine imfuate mgonjwa.