Fani: Tawi na Shina Lake

Ngarenaro, kata ya jiji la Arusha, ina jina la Kimaasai: enkare ni maji, na narok ni rangi nyeusi. Hapo kwenye Maji Meusi, mbali na pwani, fundi akiulizwa kazi yake hujibu kwa neno lililovuka bahari. Huyu fani yake ni umeme, yule useremala, na kazi isiyomhusu huikataa akisema, "Hiyo si fani yangu."

Asili ya neno hili ni Kiarabu, fann, na wingi wake ni funun: sanaa, aina, au tawi la elimu. Mzizi huohuo umezaa fanan, yaani tawi la mti. Na wingi wake, afnan, aliyesoma Surat Ar-Rahman amekutana nao katika sifa za bustani za peponi. Kiswahili nacho husema tanzu za elimu na tanzu za fasihi, na utanzu ni tawi vilevile.

La kustaajabisha ni jinsi fani ilivyopishana njiani na sanaa. Kwa Waarabu, sinaa ni kazi ya mikono na viwanda. Waswahili wakaifanya sanaa, wakamtunuku mshairi na mchoraji. Fann, ambalo ndilo jina la sanaa katika Kiarabu cha leo, likaingia karakana. Hata hivyo halikumtupa mshairi, kwani wahakiki hulipima shairi kwa fani na maudhui: umbo lake na yasemwayo ndani yake.

Sheria ya mwaka 1994 ilipoanzisha VETA nchini Tanzania, fani zilipata mitaala, mitihani na vyeti. Jambo hilo ni la heri. Lakini kijana aliyejifunza kuchomelea vyuma miaka mingi mkononi mwa mjomba wake, asiye na karatasi, huambiwa hana fani, ilhali mageti aliyoyatengeneza yamesimama. Ndiyo maana mamlaka hiyo imeweka pia utaratibu wa kuwapima na kuwatambua waliojifunza nje ya vyuo.

Washairi wanalifahamu hilo tangu kale. Vina na mizani vikitimia pasi na neno la maana, hilo si shairi. Na cheti kisicho na ujuzi ni fani isiyo na maudhui. Tawi halijioti lenyewe: lina shina, na shina la kila fani ni kufundwa, awe aliyefunda ni chuo au ni mjomba.