Nani Atamtunza Bibi?

Wengi wetu hapa Sengerema tunatafuta mtu mwaminifu wa kumhudumia mzee nyumbani. Kabla ya kuchagua, tuitazame historia ya Usukuma wetu.

Zamani mzee alitunzwa katika kaya, wajukuu wakimchotea maji na kumtafutia kuni. Kati ya 1973 na 1976 operesheni ya vijiji ilizihamisha familia nyingi nchini, zikajikuta jirani na watu wasiowafahamu. Vijana nao walikwenda mijini, visiwani na migodini, bibi akabaki peke yake. Macho yake yaliyowiva kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe yakaitwa alama ya uchawi. Vikongwe wengi waliuawa, na mara nyingi aliyewanyoshea kidole alikuwa jirani, hata ndugu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema familia ndiyo msingi wa matunzo, na makao ya wazee ni kimbilio la mwisho. Ni kweli, lakini historia yatufundisha kwamba undugu peke yake si dhamana ya uaminifu. Matunzo yaliyofichika ndiyo ya hatari.

Basi, jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizisisitiza mwaka 1976, ziwe macho yetu. Tuulize habari za mhudumu kwa wanaomfahamu, tumlipe ujira wa haki, majirani wapite bila taarifa. Na bibi mwenyewe aulizwe, faraghani, kama anatendewa vema.