Maharage ya Kanyosha: udongo na ugonjwa wa kuoza mizizi

Anayepanga kununua maharage Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, aulize kwanza yamelimwa kwenye udongo gani. Kuoza mizizi husababishwa na vimelea jamii ya ukungu vinavyoishi ardhini. Pythium hushambulia penye baridi na maji yaliyotuama. Fusarium hustawi katika udongo ulioshikamana na kuchoka, hasa shamba likipandwa maharage msimu baada ya msimu. Miaka ya 1990 ugonjwa huu ulipunguza sana mavuno Rwanda na magharibi mwa Kenya, ambako mashamba ni madogo na hayapumzishwi.

Kwa msafirishaji, hatari iko ndani ya gunia. Fusarium hudumu ardhini miaka mingi, na madongo yaliyochanganyika na punje huweza kuivusha mpaka. Tena maharage hayo hayo ya chakula, wakulima wengi huyanunua sokoni wakayapanda. Yachekechwe kabla ya kupimwa. Hata hivyo, nani alipie udongo kwa bei ya maharage?

Mvua za Machi na Aprili zikizidi, mashamba yanayotuamisha maji ndiyo huathirika kwanza. Oda za Juni zielekezwe kwenye miinuko yenye udongo unaopitisha maji.