Baraka Ndani ya Mzigo: Watumishi Waliobaki Kigali Mwaka 1994



Katika toleo hili la ukumbusho tumeona vema kutazama historia ya mji wa Kigali. Wengi wetu tunaufahamu mji huo kwa safari za hospitali na za kufuatilia makaratasi. Lakini si wengi wanaojua habari za watumishi waliobaki humo wakati kila mwenye nafasi ya kuondoka alikuwa akiondoka. Swali letu ni hili: je, ni kweli kwamba kuna baraka katika taabu ya kuwatumikia wengine? Au ni maneno tu ya kuwatuliza waliochoka?

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana iliangushwa ilipokuwa ikitua Kigali. Usiku huohuo vizuizi viliwekwa barabarani, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Yalidumu siku zipatazo 100. Wahutu waliokataa kushiriki au kuyaunga mkono, wengi wao nao waliuawa. Umoja wa Mataifa ulihesabu waliokufa kuwa zaidi ya 800,000. Serikali ya Rwanda inasema walipita milioni moja.

Watumishi wa Mungu hawakuachwa. Tarehe 7 Aprili, watu 17 waliuawa katika Centre Christus, nyumba ya mafungo ya Wajesuiti huko Remera. Miongoni mwao walikuwa mapadre watatu Wanyarwanda: Chrysologue Mahame, Patrick Gahizi na Innocent Rutagambwa. Tena tuseme kweli bila kuficha. Huko Nyamata na Ntarama watu walikimbilia kanisani wakauawa humohumo. Na wako viongozi wa dini, padre na mchungaji, waliohukumiwa na mahakama ya Arusha kwa kuhusika na mauaji. Kwa hiyo anayesema kwamba kanzu au msalaba wa kifuani ulitosha, hajaisoma historia hii. Kilichotofautisha watu ni matendo yao.

Katika mtaa wa Nyamirambo kulikuwa na kituo cha watoto yatima cha familia ya Gisimba. Mkuu wake alikuwa Damas Gisimba, Mhutu. Kabla ya vita alikuwa akilea watoto wapatao 60. Mauaji yalipoanza, watoto wengine walimiminika, na watu wazima pia wakaja kujificha. Hakuwafukuza. Idadi ilifika karibu 400. Nyumba ya watoto 60 ikilala watu 400, sisi wa kambini hatuhitaji kuelezwa maana yake: chakula hakitoshi, choo hakitoshi, maji ndiyo tatizo kubwa kuliko yote, na watoto wanaugua tumbo. Wakati huohuo wauaji walikuwa wakipita nje wakitaka kuingia.

Upande mwingine wa mji aliishi Mmarekani mmoja, Carl Wilkens, mkuu wa ADRA, shirika la misaada la Waadventista Wasabato. Wazungu walipohamishwa, mke wake na watoto waliondoka, yeye akabaki. Sababu mojawapo ilikuwa wafanyakazi wawili Watutsi waliokuwa ndani ya nyumba yake. Kwa wiki tatu za kwanza hakuweza kutoka. Na hapa, ndugu, tusome kwa makini. Wauaji walipofika langoni kwake, waliowazuia hawakuwa askari. Walikuwa majirani, akina mama wa mtaa, waliowaeleza kwamba watoto wa nyumba ile hucheza na watoto wao. Wauaji wakaondoka. Yule aliyekuja Rwanda kusaidia watu alilindwa na watu hao.

Baadaye alipata kibali cha kutembea mjini, akaanza kupeleka maji na chakula kwa vituo vya yatima, kikiwemo cha Gisimba. Karibu na mwisho wa Juni alifika pale na maji akakuta wanamgambo wamekizingira. Alibaki nao usiku ule. Baadaye alikwenda ofisi ya mkuu wa mji, Kanali Tharcisse Renzaho, na huko akakutana na Waziri Mkuu Jean Kambanda. Hao ni watu waliokuja kuhukumiwa Arusha kifungo cha maisha kwa mauaji hayohayo. Hata hivyo alimwomba Kambanda awaokoe watoto, na amri ikatolewa. Siku chache baadaye, yatima na wote waliokuwa nao walipelekwa kwa mabasi hadi kanisa la Saint-Michel wakiwa hai. Tarehe 4 Julai mji ulitwaliwa na RPF.

Tusimsahau pia Padre Célestin Hakizimana wa kituo cha Saint-Paul, katikati ya mji. Watu wapatao 2,000 walikimbilia kwake. Wanamgambo walipokuja na orodha za majina alikabiliana nao, mara nyingine akawapa fedha ili waondoke. Yeye pia ni Mhutu, naye angeweza kukaa kimya. Mwaka 2014 aliteuliwa kuwa Askofu wa Gikongoro.

Sasa turudi kwenye swali. Kwanza, taabu yenyewe si baraka. Tusimwambie mama aliyefiwa, wala yatima wa Mudende au wa Masisi, kwamba msiba wake ni zawadi. Hayo si maneno ya imani, ni kukosa huruma. Pili, baraka tunayoiona katika historia hii ilipandwa kabla ya siku mbaya. Urafiki wa watoto wa jirani, mlango uliozoea kupokea yatima, ndivyo vilivyosimama wakati serikali ilipogeuka kuwa muuaji. Tatu, anayetoa hapaswi kudhani kwamba yeye ndiye chanzo tu na wengine ni wapokeaji. Akina mama wale walitoa kikubwa kuliko maji.

Damas Gisimba alifariki Juni 2023. Watoto aliowaficha sasa ni watu wazima, wana watoto wao. Hilo ndilo jibu letu kwa wanaouliza faida iko wapi.

Wajumbe wa kamati, wahudumu wa afya, walimu wa kujitolea, wasimamizi wa bomba la maji: mnajua lawama mnazopata mgao unapopungua, na jinsi usivyoshukuriwa anayepanga foleni ya mabidoni. Historia hii haiwaahidi kwamba mtashukuriwa. Inaonyesha tu kwamba kazi ndogo ya leo, inayofanywa kwa haki na bila kuuliza mtu ni kabila gani, yaweza kuwa ndiyo ukuta utakaowakinga watoto wetu kesho. Basi tusichoke kutenda mema. Mungu awape pumziko waliotutangulia, na sisi tuliobaki atupe moyo wa kulindana.