Majina ya Wezi Katika Lugha ya Kiingereza

Katika Kiswahili hatuwaiti wenye mkono mrefu wote kwa jina moja. Mwivi huchukua kwa siri, mnyang'anyi huchukua kwa nguvu, na haramia huvizia watu njiani au baharini. Waingereza nao wana majina yao, na kila jina lina historia yake. Tuyatazame machache.

Neno "thief" ni la kale mno. Waingereza walikuwa nalo kabla Wanormani hawajaiteka nchi yao mwaka 1066. Maana yake ni mwivi tu. "Robber" lilitoka katika Kifaransa, nalo ni ndugu wa neno "robe", yaani joho, kwa kuwa zamani nguo za aliyeshindwa vitani zilikuwa nyara. Mtu huyu hunyang'anya kwa nguvu au kwa vitisho.

Zamani tena, watu walitia fedha katika kifuko kilichoning'inia mshipini. Mwivi alikata kamba yake, akaitwa "cutpurse", yaani mkata kifuko. Mifuko ilipokuja kushonwa katika nguo, akaitwa "pickpocket". Sheria ya mwaka 1565 ilimhukumu kifo, hata mwaka 1808 Samuel Romilly, mwanasheria na mbunge, alipofaulu kuiondoa adhabu hiyo.

"Burglar" alikuwa mtu avunjaye nyumba usiku, apate kutenda uhalifu ndani. Lakini usiku ni saa ngapi? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1916 ilijibu: tangu saa 3 usiku hata saa 12 asubuhi. Aliyevunja nyumba saa 2 usiku alikuwa na hatia, lakini hakuwa "burglar". Sharti hilo liliondolewa huko kwa sheria ya mwaka 1968; ila sheria za jinai za Kenya na Tanzania, zilizofuata mfano wa Kiingereza, zimeendelea kutenganisha uvunjaji wa mchana na wa usiku.

Basi twaona kwamba majina haya si mapambo ya lugha. Mkalimani akimwita "robber" mtu aliyechukua kuku bandani bila kuonekana, amemtwika kosa la nguvu asilolitenda, na adhabu yake ni nzito zaidi. Kila tujifunzapo jina, tuulize mambo matatu: alichukua kwa siri au kwa nguvu? Wapi? Saa ngapi? Ndipo tuseme, maana maji yakimwagika hayazoleki.