Mganga Hajigangi: Zebaki, Moshi na Usafi wa Pili wa Hospitali

Wahenga walisema: mganga hajigangi. Aghalabu methali hii husemwa juu ya bingwa ambaye ujuzi wake huwafaa wengine lakini yeye mwenyewe asiweze kujifaa nao. Ikitazamwa historia ya hospitali, hata hivyo, methali hiyo huonekana kubeba maana ya ziada. Kwa muda mrefu nyumba ya tiba ilijijua kuwa ni adui wa maradhi, wala haikujiuliza kama nayo huwapelekea jirani zake madhara, katika hewa waivutayo, maji wayanywayo na samaki wawalao.

Usafi wa kwanza wa hospitali ulipatikana kwa taabu. Mwaka 1847, mjini Vienna, tabibu wa Kihangaria Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari na wanafunzi wao waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, kwa kuwa wengi walitoka moja kwa moja kwenye chumba cha kupasulia maiti. Vifo vya homa ya uzazi vilipungua sana, lakini wakubwa wengi wa fani hiyo walimpinga. Miaka michache baadaye Florence Nightingale aliwashawishi Waingereza wajenge wodi zenye madirisha makubwa na nafasi baina ya vitanda, akishikilia kuwa sharti la mwanzo la hospitali ni kutomuongezea mgonjwa madhara. Usafi huo ulihusu waliomo ndani ya kuta. Usafi wa pili, unaowahusu walio nje ya kuta, ulichelewa kwa zaidi ya karne nzima, na kisa chake kinaweza kuanzia kwenye kitu kidogo mno: tone la zebaki.

Neno zebaki lina asili ya Kiarabu, na watu wa pwani wamelizoea. Ni madini yanayong'ara kama fedha na kutiririka kama maji. Mwaka 1714 Daniel Gabriel Fahrenheit aliyatia katika mrija wa kioo na kupata kipimajoto cha kutegemewa. Matabibu hawakukitumia sana mwanzoni, kwani vipimajoto vya zama hizo vilikuwa virefu na mgonjwa alilazimika kukaa navyo hata dakika 20. Mnamo miaka ya 1860 Mwingereza Thomas Clifford Allbutt alibuni kifupi cha takriban sentimita 15, kilichotoa jibu kwa dakika 5. Mwaka 1868 Carl Wunderlich wa Leipzig akachapisha kitabu kilichotokana na vipimo vya maelfu ya wagonjwa, na homa ikawa jambo la kuandikwa kwa tarakimu. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia naye akaitumia zebaki kupimia shinikizo la damu. Tangu hapo madini hayo yakawa mwenyeji wa kila wodi duniani.

Kipimajoto kimoja kina takriban gramu moja ya zebaki. Chombo cha kupimia shinikizo la damu huwa na gramu 80 hata 100. Kioo huvunjika, na hospitalini huvunjika kila siku. Tone likianguka hugawanyika vijitone visivyokamatika. Baadhi hugeuka mvuke usioonekana wala kunuka, na baadhi hufuata maji machafu hadi mtoni na baharini. Huko vijidudu vya tope huibadili zebaki ikawa sumu kali zaidi, inayoingia katika miili ya viumbe wadogo, kisha samaki wadogo, kisha wakubwa wanaowala wadogo. Kwa hiyo papa, nduaro na jodari, walio juu ya mlolongo huo, ndio wanaobeba sumu nyingi kuliko wenzao.

Dunia ilijifunza somo hilo kwa wavuvi wa Minamata, kusini mwa Japani. Zebaki iliyowaua haikutoka hospitalini. Ilitoka kwenye kiwanda cha kampuni ya Chisso, ambacho tangu mwaka 1932 kilimwaga maji yake machafu katika ghuba. Paka wa vijijini walianza kupepesuka na kuanguka, kisha watoto wakashindwa kutembea na kusema. Tarehe 1 Mei 1956 Dk. Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kampuni hiyo hiyo, alitoa taarifa kwa wakuu wa afya kuwa ugonjwa usiojulikana wa mishipa ya fahamu umezuka.

Hosokawa hakuishia hapo. Mwaka 1959 aliwalisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda, na paka aliyepewa nambari 400 akapatwa na dalili zile zile za wavuvi. Kampuni ilizuia majaribio yake na matokeo hayakutangazwa. Kiwanda kiliendelea kumwaga sumu hadi mwaka 1968. Mwaka 1970, akiwa mgonjwa wa saratani kitandani, daktari huyo alitoa ushahidi mahakamani juu ya paka nambari 400. Miezi michache baadaye akafariki. Mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliwapa ushindi walalamikaji. Kisa hiki kina uchungu wa pekee kwa tabibu yeyote, kwani aliyeijua siri alikuwa mponyaji, na sumu ilitoka kwa mwajiri wake.

Baada ya zebaki ukaja moshi. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 hospitali ziliacha kuchemsha mabomba ya sindano ya kioo na kutumia ya plastiki, yanayotupwa baada ya matumizi ya mara moja. Badiliko hilo lilikuwa na sababu nzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2000 pekee sindano zisizo salama ziliwaambukiza watu milioni 21 homa ya ini aina ya B. Lakini kinachotupwa lazima kiende mahali. Kiangazi cha mwaka 1988 sindano zilizotumika zilielea hadi fukwe za New York na New Jersey, watu wakaingiwa na hofu kubwa ya UKIMWI, na hospitali za Marekani zikazidi kutegemea matanuri ya kuchomea taka. Plastiki yenye klorini ikiungua hutoa dioksini, sumu inayoweza kusababisha saratani na kudumu katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Mwaka 1994 rasimu ya serikali ya Marekani iliyataja matanuri ya hospitali kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote vya dioksini nchini humo. Waliopigana na saratani wodini walikuwa wakiipandikiza angani.

Kutokana na aibu hiyo uliundwa mwaka 1996 muungano wa Health Care Without Harm. Hoja yake ilikuwa nyepesi: takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni taka za kawaida, kama zile za nyumbani au ofisini. Zikitenganishwa mapema, taka za hatari hubaki chache, nazo zinaweza kuuliwa vijidudu kwa mvuke wa moto badala ya kuchomwa. Matanuri ya Marekani, yaliyokuwa maelfu, yalipungua hadi chini ya 100. Hata hivyo walikuwapo waliosema kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Jibu lilitoka visiwani. Ufilipino ilipiga marufuku uchomaji huo kwa sheria ya mwaka 1999, na mwaka 2004 ikawachanja surua takriban watoto milioni 18. Mamilioni ya sindano yalikusanywa bila ya kuchomwa. Nyingine zilisafishwa kwa mvuke, nyingine zikafukiwa katika mashimo ya zege.

Zebaki nayo ilipatiwa mkataba. Ulipitishwa mwaka 2013 katika mkoa wa Kumamoto, ukapewa jina la Minamata, na ukaanza kutumika mwaka 2017. Uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza nje au kuingiza nchini vipimajoto na vipima shinikizo la damu vyenye zebaki, ila kwa nchi zilizopewa muda zaidi. Katika miaka hiyo hiyo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 4 za Afrika, pamoja na Ghana, Madagaska na Zambia, zilizojaribu mradi wa Umoja wa Mataifa wa hospitali zisizotumia zebaki wala kuchoma taka.

Hesabu ya mwisho kufunguliwa ni ya hewa. Utafiti wa mwaka 2019 ulikadiria kuwa huduma za afya duniani huchangia asilimia 4.4 ya gesi zinazoongeza joto la dunia. Hata nusukaputi imo katika hesabu hiyo, kwani dawa ya desflurane, inayovutwa na mgonjwa kisha kuachiwa angani, hupasha joto zaidi ya mara 2,000 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Uskochi iliiondoa hospitalini mwake mwaka 2023, na wagonjwa wakaendelea kulazwa kwa dawa nyingine bila ya tabu.

Kwa watu wa visiwani mambo haya hayako mbali. Katika jiwe la matumbawe maji ya mvua hupenya upesi na kufika kwenye visima, na kilichofukiwa shimoni bila ya zege huweza kupita njia hiyo hiyo. Bahari ndiyo ghala la kitoweo. Wala haifai kumlaumu muuguzi wa kituo kidogo anayewasha moto nyuma ya jengo, kwa maana sindano iliyoachwa jaani ni hatari kwa mtoto aokotaye kuliko moshi wake. Lawama ni ya wanaompa sindano elfu bila ya kumpa pa kuzitia. Semmelweis alihitaji karai la maji ya klorini. Muuguzi huyo anahitaji ndoo tatu za rangi mbalimbali, mtambo mmoja wa mvuke katika wilaya, na gari la kupitia taka kila wiki.