Askari, Mali na Uhuru: Njia Mbili za Majirani

Juma moja tu la Januari 1964 lilitosha kuzionyesha nchi tatu za Afrika ya Mashariki kwamba bendera mpya haimfanyi askari kuwa mpya. Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo siku hizi ndiyo Lugalo. Kesho yake wenzao wa Tabora wakafuata. Tarehe 23 waliasi askari wa Jinja, nchini Uganda, na tarehe 24 wale wa Lanet, karibu na Nakuru, nchini Kenya. Madai yao yalifanana: mshahara uongezwe, na maafisa wa Kiingereza wawapishe Waafrika. Serikali zote tatu, ambazo zilikuwa bado changa, zililazimika kuomba msaada wa majeshi ya mtawala yule yule aliyekuwa ametoka kufunga virago. Hiyo ilikuwa fedheha, na Mwalimu Nyerere hakujaribu kuwaficha wananchi kwamba ilikuwa fedheha.

Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini dawa zilitofautiana. Uganda iliongeza mishahara na kuwapandisha vyeo maafisa wazalendo, miongoni mwao Idi Amin. Kilichotokea tarehe 25 Januari 1971 kinajulikana kwa kila msikilizaji. Kenya iliwafikisha waasi mbele ya mahakama ya kijeshi, ikakivunja kikosi cha Lanet, kisha ikaendelea kulijenga jeshi lake kwa mafunzo na desturi za Kiingereza. Kwa mujibu wa desturi hizo askari hana chama. Yeye hutii serikali iliyopo kwa mujibu wa sheria, na kazi ya siasa huwaachia raia. Tanganyika ilichukua njia ya tatu. Ililivunja jeshi zima, ikaanza upya kwa kuandikisha vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi. Askari huyu mpya aliruhusiwa kuwa na kadi ya chama, na matawi ya chama yakafunguliwa ndani ya kambi.

Ndugu wasikilizaji wa majeshi ya ulinzi na wa polisi, tofauti hiyo ya dawa haikuwa ya bahati nasibu. Nyuma yake zilisimama fikra mbili za utawala ambazo zimegombana duniani kwa muda mrefu, yaani ujamaa na uliberali. Ni vema tuzitazame kwa makini, kwa sababu miaka mingi tumezoea kuzitaja kwa majina ya matusi kuliko kwa maana zake.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Katika hotuba zetu za zamani uliberali ulichanganywa mara nyingi na ubepari, kana kwamba ni kitu kimoja. Neno bepari lilitujia na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi, na maana yake ya asili ni mchuuzi tu. Ubepari, basi, ni habari ya mali: nani anamiliki kiwanda, na faida inaingia mfuko wa nani. Uliberali ni habari ya mtawala: mwisho wa mamlaka yake uko wapi. Mwingereza John Locke, katika kitabu kilichotoka mwaka 1689, alishikilia kwamba serikali ni amana tu iliyokabidhiwa na wananchi, na kwamba ikiivunja amana hiyo wana haki ya kuiondoa. Mwaka 1859 John Stuart Mill alikwenda mbele zaidi. Aliona kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima ila kwa ajili ya kuzuia asiwadhuru wenziwe. Mafundisho haya yanakwenda sambamba na desturi ya polisi kudaiwa hati ya mahakama kabla ya kuupekua mlango wa mtu, na mshitakiwa kuhesabiwa hana hatia mpaka athibitike. Yeyote aliyepata kusimama kizimbani kutoa ushahidi amekwisha kukutana na uliberali, hata kama hakuwahi kulisikia jina lake.

Ujamaa uliuliza swali jingine. Mtu asiye na ardhi, asiye na chombo cha kazi, ambaye mwanawe anakufa kwa kukosa dawa ya shilingi mbili, huo uhuru wake wa kutopekuliwa unamfaa nini? Robert Owen aliliuliza akiwa mwenye kiwanda cha nguo huko Scotland. Marx na Engels wakaliuliza kwa ukali zaidi mwaka 1848. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Aprili 1962, hakutaka kuanza na vita vya matabaka kama walivyoanza Wazungu hao. Alianza na jamaa, yaani nyumba ya Mwafrika ambamo mgeni hula na mwenyeji, na kila mwenye nguvu hushika jembe. Kwa mjamaa uhuru haukamiliki hadi njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wote. Kwa mliberali, mali yote ikiwa mikononi mwa serikali, basi mtu anayegombana na serikali hana mahali pengine pa kupata chakula. Kila mmoja anaona hatari ya kweli, na hapo ndipo ugomvi wao unapokuwa mgumu.

Sasa tuwatazame majirani. Mwaka 1965 Serikali ya Kenya ilitoa Waraka Namba 10, ambao Tom Mboya ndiye aliyeusimamia, na ajabu ni kwamba waraka huo nao ulijiita wa ujamaa wa Kiafrika. Uliukataa Umarx na pia ukaukataa ubepari usio na mipaka. Lakini ndani yake mali ya mtu binafsi ililindwa, na fedha za maendeleo zikaelekezwa mahali ambapo zingezaa haraka, maana yake penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Julai ya mwaka ule ule, mchumi mmoja wa Kenya aliukosoa waraka huo katika jarida la East Africa Journal, akiuliza ujamaa wenyewe uko wapi humo. Jina lake lilikuwa Barack Obama, na mwanawe mwenye jina hilo hilo alikuja kuwa Rais wa Marekani.

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa, na kesho yake mabenki yakataifishwa. Sehemu iliyouma zaidi haikuwa ya mabenki, ilikuwa ya viongozi. Kiongozi wa TANU au wa Serikali, pamoja na mtumishi wa ngazi ya kati na ya juu, hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, wala kupokea mishahara miwili, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Kenya ilijibu miaka minne baadaye, pengine bila kukusudia. Tume ya mwaka 1971 iliyoongozwa na Duncan Ndegwa haikuona ubaya mtumishi wa serikali kuwa na mali na biashara zake, mradi asitumie cheo kujinufaisha. Upande mmoja wa Namanga, basi, ofisa mwenye duka alikuwa mkosaji. Upande wa pili alikuwa mfano wa bidii. Husimuliwa kwamba Watanzania waliiita Kenya jamii ya mtu kumla mtu, nao Wakenya wakajibu kuwa ya jirani ni jamii ya mtu kukosa cha kula. Dhihaka hizo zilikuwa tamu vinywani hadi Februari 1977 mpaka ulipofungwa, Jumuiya ya zamani ikiwa inakufa, na usifunguliwe mpaka Novemba 1983.

Hata hivyo, atakayesema kwamba Kenya ilikuwa ya kiliberali na Tanzania ya kijamaa atakuwa amesema nusu tu ya kweli. Kenya iliuchukua uliberali kwa upande wa mali, ikauacha kwa upande wa mtawala. Katiba yake ya 1963 ilikuwa na sura nzima ya haki za binadamu, lakini tangu 1966 sheria iliruhusu kumweka mtu kizuizini bila hukumu. Mwaka 1969 chama cha KPU kikapigwa marufuku na Oginga Odinga akawekwa kizuizini. Juni 1982 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Katika miaka ya 1980 vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi, vilitumika kuwatesa raia, na watesaji walikuwa polisi. Locke angeshangaa kusikia kwamba hiyo ndiyo nyumba aliyoichorea ramani.

Kwa upande wetu, sheria ya kuweka watu kizuizini ilikuwapo tangu 1962, na tangazo la haki za binadamu halikuingizwa katika Katiba hadi 1984. Ujamaa ambao ulianza kama mwaliko uligeuka amri. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima, na muda ukawekwa hadi mwisho wa 1976. Mamilioni ya wakulima walihamishwa. Wako waliohama kwa hiari na wakapata shule na zahanati ambazo hawakuwa nazo; wako pia waliohamishwa na mgambo, polisi na askari, na mahali pengine nyumba zao zilichomwa ili wasirudi. Askari aliyebeba kiberiti siku hiyo alikuwa mwanachama, na aliyechomewa nyumba naye huenda alikuwa mwanachama. Hapo lile wazo zuri la mwaka 1964, kwamba askari asitenganishwe na wananchi, lilikuwa limemfikisha pagumu, kwa sababu amri ya Chama na amri ya Serikali zilikuwa zimekuwa amri moja, na hapakuwa na mlango wa tatu wa kubisha.

Haifai kusahau jambo moja la miaka hiyo hiyo. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji walifia mikononi mwa vyombo vya dola kwa mateso. Mwanzoni mwa 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa si yeye aliyewatesa. Nchi haikuwa na chama cha upinzani wala tangazo la haki katika Katiba, na bado waziri aliwajibika. Mwandishi wa mazungumzo haya anakiri kwamba hajui vitabu vya nadharia vingelieleza jambo hilo kwa namna gani.

Kenya nayo ilirudiwa na Januari ya 1964 kwa sura mpya. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Anga waliteka kituo cha redio mjini Nairobi na kutangaza kuwa serikali imepinduliwa. Jeshi lile la desturi za Kiingereza, lisilo na kadi wala tawi la chama, lilikuwa limeingia katika siasa kwa mlango mbaya kuliko yote. Uasi ulizimwa siku ile ile, na Jeshi la Anga likavunjwa na kuundwa upya, kama Tanganyika ilivyofanya miaka 18 nyuma. Kiongozi wa waasi, Hezekiah Ochuka, alikimbilia Tanzania. Mwaka 1983 akarudishwa kwao, na mwaka 1987 alinyongwa.

Mabadiliko yaliyofuata yanafurahisha kuyatazama. Mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, Chama cha Mapinduzi kililegeza masharti ya uongozi, na nyumba za kupangisha zikaacha kuwa dhambi. Desemba mwaka huo Kenya ikafuta kifungu cha chama kimoja, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Julai 1992. Askari wa Tanzania, pamoja na polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, akaamriwa kuchagua kati ya kadi na gwanda: ibara ya 147 ya Katiba inamkataza kujiunga na chama chochote, ila inamwachia kura yake. Lugalo ikafika palepale ambapo Lanet ilitakiwa kuwapo tangu 1964.

Kenya nayo, katika Katiba yake ya tarehe 27 Agosti 2010, iliandika katika ibara ya 43 kwamba kila mtu ana haki ya matibabu, makazi, chakula na maji safi, maneno ambayo mwandishi wa Azimio angeyatia sahihi bila kusita. Ibara ya 40 ya Katiba hiyo hiyo inalinda mali ya mtu binafsi. Kwetu ibara ya 3 bado inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa, huku ibara ya 24 ikimhakikishia kila mtu haki ya kumiliki mali. Siku ambapo mwenye hati na mwenye njaa wanagombea shamba moja, iwe Laikipia au Kilosa, ibara hizo zote hufika pale pamoja, ndani ya gari moja, na anayeshuka garini ni askari.